Mwanamke wa Bergen tunayemsahau kila Januari

Mhariri,

Siku ya Ukoma Duniani mwaka huu mlichapisha makala nzuri kuhusu Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norway aliyegundua bakteria wa ukoma mwaka 1873. Nimeisoma, nikaikata na kuiweka kwenye faili langu. Nawashukuru kwa dhati, kwa sababu ukoma siku hizi hauandikwi. Wengi wanadhani uliondoka na wakoloni. Ila makala yenu iliishia 1873, na mimi naona habari ya Hansen inaanza kuwa nzito baada ya mwaka huo, alipomchoma jicho mgonjwa wake, Kari Nielsdatter Spidsøen, bila ruhusa, na shauri likafika mahakamani. Nimefanya kazi ya maabara mkoani Tanga mpaka nikastaafu, sehemu kubwa nikipima makohozi ya kifua kikuu na ngozi za wagonjwa wa ukoma. Kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa kirefu.

Bergen ni mji wa bandari magharibi mwa Norway. Katikati ya karne ya 19, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuusahau ukoma, watu wa pwani ile, wavuvi na wakulima maskini, walikuwa bado wanaugua kwa wingi. Mwaka 1856 serikali ilifungua daftari la kuandikisha kila mgonjwa nchini, na majina yakapita 2,800 katika nchi iliyokuwa na watu takriban milioni moja na nusu. Pale Bergen palikuwa na hospitali kongwe ya St. Jørgen, na tangu 1849 ikawepo nyingine, Lungegård, iliyojengwa ili madaktari wauchunguze ugonjwa wenyewe. Mkuu wake alikuwa Daniel Cornelius Danielssen. Yeye na mwenzake Carl Wilhelm Boeck walikuwa wametoa kitabu kikubwa mwaka 1847, na msimamo wao ulikuwa kwamba ukoma ni ugonjwa wa kurithi, unatembea ndani ya ukoo.

Tusimcheke Danielssen. Alijichanja mwenyewe usaha na vipande vya vinundu vya wagonjwa, na baadhi ya watumishi wake nao wakachanjwa, na hakuna aliyeugua. Ungekuwa wewe ungeamini nini? Leo tunajua kwamba watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi ya bakteria huyu, na kwamba hata anayeambukizwa anaweza kukaa miaka mingi kabla ya doa la kwanza kutokea. Mwaka ule haya hayakujulikana.

Hansen alifika Lungegård kijana, akiwa msaidizi wa Danielssen. Hakuamini habari ya kurithi. Alizunguka vijijini akiuliza nani aliishi na nani, nani alilala chumba kimoja na nani, akaona ugonjwa unafuata ukaribu wa watu kuliko unavyofuata damu. Januari 1873 alimwoa Stephanie, binti wa Danielssen. Februari 28 mwaka huohuo alikata kinundu cha mgonjwa, akakwangua, akaweka ule ute chini ya hadubini bila rangi yoyote, akaona vijiti vidogo ndani ya chembe. Yaani mkwe alikuwa amekaa mezani kwa baba mkwe akiibomoa hoja ya maisha yake, na Danielssen, kwa sifa yake, hakumzuia. Oktoba, Stephanie akafariki kwa kifua kikuu. Sisi tuliopima magonjwa haya mawili kwenye meza moja tunajua kwamba bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma ni wa jamii moja na wanashika rangi kwa namna moja. Bakteria wa kifua kikuu, aliyemuua mke wa Hansen, hakuonekana na mtu yeyote mpaka daktari Mjerumani Robert Koch alipomwonyesha mwaka 1882. Kila nikiufikiria mwaka ule wa Hansen, roho inaniuma.

Alichapisha alichokiona mwaka 1874, kwa uangalifu mkubwa, bila kudai kwamba amethibitisha. Na hapo lazima nieleze jambo la kazi yetu, ili msomaji aelewe kwa nini aliogopa kudai.

Kumwona bakteria wa ukoma bila rangi ni shida. Kazi yetu huanza kwenye ndewe ya sikio. Unaibana ndewe kwa kidole gumba na cha shahada mpaka damu ikimbie na ngozi iwe nyeupe. Unakata mkato mdogo, urefu wa milimita tano hivi, kina milimita mbili au tatu. Kisha unaugeuza wembe na kuukwangua ukingo wa ndani wa mkato, taratibu, upate ute wenye chembe na siyo damu, maana damu ikiingia kipimo kimeharibika. Unaupaka kwenye kioo, duara dogo, unakipitisha kioo juu ya moto wa taa ya spiriti. Unamwagia rangi nyekundu iitwayo karbofuksini, unapasha kutoka chini mpaka mvuke upande, lakini usiiache ichemke. Unasuuza kwa maji. Unamwagia asidi iliyochanganywa na spiriti, na hapo kila kitu kinaachia wekundu wake isipokuwa jamii ya hawa bakteria, ambao wana nta kwenye ngozi yao. Mwisho unaweka bluu ya methilini. Ukichungulia, unaona uwanja wa bluu, na ndani yake vijiti vyekundu, mara kimoja kimoja, mara vimelala pamoja kama njiti za kiberiti zilizofungwa. Mgonjwa mwenye bakteria wengi, uwanja mzima unawaka.

Njia hiyo ilipatikana miaka ya 1880. Hansen hakuwa nayo. Mwaka 1879 alikuja Bergen daktari kijana kutoka Breslau, mji wa Ujerumani wakati ule, Albert Neisser, umri wake miaka 24. Hansen akampokea vizuri, akampa vipande vya tishu aondoke navyo. Neisser alivipaka rangi kwa ufundi wa kwao, akawaona bakteria wazi, akatangaza kana kwamba ugunduzi ni wake. Mzozo ukawa mkubwa. Hatimaye dunia ikampa Hansen haki yake, na naona ilikuwa sahihi: aliyeona kwanza ni yeye, na aliyekuwa na hoja ya maambukizi ni yeye.

Lakini kuona bakteria ndani ya kinundu hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa. Wanasayansi wa wakati ule walitaka umwoteshe nje ya mwili, umpandikize kwa kiumbe kizima, kiumbe kile kiugue, kisha umpate tena mlemle. Hansen alijaribu kuwaotesha, hawakuota. Akajaribu kwa wanyama, hawakuugua. Na Neisser alikuwa ameshatangaza.

Tarehe 3 Novemba 1879, katika hospitali ya ukoma mjini Bergen, Hansen alimwita mgonjwa mmoja, Kari Nielsdatter Spidsøen, mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa akiugua tangu ujana wake. Kari alikuwa na ukoma wa aina ile ya ganzi na madoa. Hansen alichukua kisu cha upasuaji wa mtoto wa jicho, kikiwa na ute wa kinundu cha mgonjwa mwingine mwenye ukoma wa aina ya vinundu, akamchoma nacho kwenye utando wa jicho. Alitaka kuona kama aina moja ya ugonjwa itazaa nyingine mahali pale. Hakumwomba ruhusa. Hakumweleza anafanya nini.

Naomba wasomaji wasimame hapo kidogo. Wagonjwa wa ukoma wengi hupoteza hisia za mikono na miguu, na wengine hupoteza macho. Mwanamke huyu alikuwa anaishi hospitalini, hana pa kwenda, na anayemjia na kisu ndiye daktari wake, ambaye pia ni mkuu wa mambo yote ya ukoma nchini. Na sehemu aliyoichagua ni jicho.

Kari hakunyamaza. Alimwendea kasisi wa hospitali akamweleza, na shauri likafika mahakamani. Hansen hakukana. Alieleza kwamba hakuomba ruhusa kwa sababu hakutarajia mgonjwa aone jaribio lile kwa jicho analolionea yeye. Kwa maneno mengine, alijua angekataliwa. Jicho la Kari halikupata madhara ya kudumu, na bado, tarehe 31 Mei 1880, mahakama ya Bergen ilimvua Hansen nafasi yake ya udaktari wa hospitali ile na kumtaka alipe gharama za kesi. Aliachiwa cheo chake cha mganga mkuu wa ukoma wa nchi nzima, na alikishika mpaka alipofariki mwaka 1912.

Mwaka 1880, Mhariri! Mwanamke maskini, mgonjwa wa ugonjwa unaoogopwa kuliko yote, anamshitaki daktari maarufu wa mji, na anashinda. Siijui kesi nyingine ya wakati ule inayofanana nayo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishangaa kwamba katika kozi zote nilizopitia, jina la Hansen lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari, na jina la Kari halikutajwa na mkufunzi hata mmoja.

Na Neisser naye? Mwaka 1892 aliwachoma wanawake kadhaa, wengi wao wakiwa makahaba, maji ya damu yaliyotoka kwa wagonjwa wa kaswende, akitafuta kinga. Hakuwaambia. Baadhi yao wakapata kaswende, naye akajitetea kwamba waliipata kwa kazi yao. Habari ilipotoka hadharani alishitakiwa mbele ya mahakama ya nidhamu akatozwa faini, na Desemba 1900 serikali ya Prussia, huko Ujerumani, ikatoa agizo kwa wakuu wa hospitali: majaribio yasiyo ya tiba yasifanywe kwa mtu ambaye hajaelezwa madhara yanayoweza kumpata na kukubali waziwazi. Kwa hiyo wale mabwana wawili waliogombea bakteria mmoja, wote waliishia mbele ya mahakama kwa kosa la aina moja. Jambo hili linapaswa kufundishwa pamoja na rangi nyekundu na bluu.

Wengine hawakupata hata mahakama. Huko Hawaii, mwaka 1884, daktari Mjerumani Eduard Arning alimpandikiza kipande cha kinundu mkononi Keanu, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa. Adhabu yake ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha kwa kukubali jaribio lile. Ruhusa ya mtu mwenye kitanzi mbele yake ni ruhusa gani? Keanu aliugua ukoma, akafa mwaka 1892. Kisha ikajulikana kwamba walikuwapo ndugu zake wenye ukoma, kwa hiyo hata jibu lililotafutwa kwa mwili wake halikupatikana.

Jibu lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Bakteria wa ukoma hupenda ubaridi, ndiyo maana anakaa kwenye ndewe, pua, vidole na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Mwaka 1960, Charles Shepard, mtafiti wa Marekani, alifanikiwa kumkuza kwenye nyayo za panya, sehemu ya baridi ya mwili wa panya. Mwaka 1971 Kirchheimer na Storrs wakaonyesha kwamba kakakuona wa Amerika, ambaye joto lake ni la chini, anaugua ukoma kamili. Bakteria hugawanyika mara moja kwa wiki mbili hivi, wakati wengine hugawanyika kila baada ya dakika ishirini. Mpaka leo hajaoteshwa kwenye chakula cha maabara popote duniani. Angetumia macho ya wagonjwa wote wa Bergen, Hansen asingepata alichokitafuta.

Nyayo za panya ndizo zilizowezesha kuthibitisha mwaka 1964 kwamba bakteria wameanza kuizoea dapsone, dawa ya ukoma ya wakati ule, na usugu huo ndio ulioleta dawa mseto iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981: rifampisini, dapsone na klofazimini. Siku hizi ni miezi sita kwa wenye bakteria wachache, kumi na miwili kwa wenye wengi, bila malipo. Nimeona kwa macho yangu vioo vilivyokuwa vinawaka wekundu vikianza kuonyesha vijiti vilivyokatikakatika, yaani vilivyokufa. Siwezi kuidharau sayansi hii hata kidogo.

Ninachosema ni habari ya ruhusa, na niliiona tangu nikiwa mgeni kazini. Ilikuwa miaka ya themanini, dawa mseto inaanza kuingia mikoani, na tulikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika hospitali moja. Alikuwapo mzee aliyewahi kuwa mkata mkonge, vidole vyake vimebaki vifupi. Vioo vyake vilikuwa vimejaa bakteria, kwa hiyo wakufunzi walimwita kisa kizuri, na kila kundi la wanafunzi likapelekwa kwake kujifunza kuchanja. Tulipofika sisi ndewe zake zote mbili zilikuwa na plasta. Mwenzetu mmoja akashika wembe, aibandue moja. Mzee akasema, hakupandisha sauti, "Wajukuu zangu, mngeniuliza basi."

Mama aliyekuwa mkuu wa maabara alimwambia yule kijana aweke wembe kwenye trei. Akavuta kigoda akaketi mbele ya mzee, akamwita babu, akamweleza tunachotafuta, tunakata wapi, na kwamba kioo cha mafunzo hakitamwongezea wala kumpunguzia dawa. Kisha akamwongoza kwenye hadubini achungulie kioo chake mwenyewe. Mzee alichungulia muda mrefu. Akauliza, "Hawa ndio walionila vidole?" Mama akamjibu: "Hapana, babu. Hawa wamekula fahamu ya ngozi. Vidole umeviunguza na kujikata bila kusikia maumivu, vidonda vikaingia mpaka mfupani." Mzee akakubali sikio moja lichanjwe, la pili akakataa. Mama akaandika hivyo hivyo kwenye fomu, na mafunzo ya siku ile yakaishia hapo. Hakuna kozi iliyonifundisha zaidi ya dakika zile. Tangu hapo sikumgusa mgonjwa ndewe kabla hajaniambia haya, endelea.

Sasa nije kwenu. Pamoja na makala ile mliweka picha mbili. Moja ni ya Hansen, ndevu zake, koti lake, na jina lake kamili chini. Nyingine ni mikono ya Mtanzania, vidole vimeisha, na nyuma yake uso unaoonekana vizuri kabisa, na maelezo yanasema: mgonjwa wa ukoma. Jina hakuna, mahali hakuna, tarehe hakuna. Yawezekana amekwisha pona tangu zamani, maana dawa ikishaanza kunywewa maambukizi hukatika mapema, na vidole vilivyopotea havirudi hata mtu akipona kabisa. Kumwita mgonjwa pengine ni uongo. Na ana wajukuu, wako shule, na shuleni gazeti lenu linasomwa. Nani alimuuliza?

Nimeishi na watu hawa. Nimekwenda makazi ya Chazi, kule Morogoro, nikaona wazee waliopona miaka na miaka lakini hawakurudi kwao, kwa sababu habari iliyofika kijijini ilifika kabla yao. Picha moja inatosha kufanya hivyo.

Kwa hiyo naomba. Mkiandika tena habari ya ugunduzi huu, mwandikeni na Kari Nielsdatter Spidsøen kwa jina lake lote, na kesi yake ya 1880, kwa sababu ni sehemu ya ugunduzi uleule. Waalimu wa vyuo vya maabara wanaosoma safu hii nao waiingize katika kipindi cha kwanza cha kupima ukoma. Ni nusu saa tu. Na yule ndugu wa kwenye picha, mpigapicha wenu bila shaka anajua alimpigia wapi. Arudi, amketishe, amweleze picha imetumika wapi na itatumika wapi tena. Akikubali, iwekwe na jina lake kama yeye mwenyewe anavyotaka liandikwe. Akikataa, itoeni kwenye maktaba yenu ya picha na kwenye tovuti, na mtujulishe wasomaji kwamba mmeitoa.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Muheza, Tanga